Bunduki Iliyopakwa Rangi

Sijawahi kufyatua bunduki maishani mwangu, wala sina hamu ya kufanya hivyo. Lakini kuna majuma fulani nilikuwa mtu pekee katika ukoo wetu aliyeweza kueleza kwa nini mitutu miwili iliyolazwa ubavu kwa ubavu huunganishwa ikiwa imeelekeana kidogo kule mbele, na kwa nini skrubu yenye mdomo uliochubuka inashusha bei kuliko kutu. Nilijifunza yote hayo kwenye simu, nikiwa sina kazi, na diploma yangu ya uchumi ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki chini ya godoro. Nilijifunza kwa sababu nilitaka kuoa.

Kwetu, Wanande wa Butembo, mahari ni mbuzi. Mbuzi anaonekana. Akiwa na pembe iliyovunjika anarudishwa, analetwa mwingine, na hakuna anayekosa usingizi. Lakini msichana niliyempenda, tuliyesoma naye chuo kikuu, alitoka kwa watu wa misitu ya Walikale, na katika ukoo wao mkwe humletea baba wa msichana kitu cha kuwindia. Zamani kilikuwa wavu, au mbwa mwenye njuga ya mbao shingoni. Baadaye kikawa bunduki. Siku hizi, hapa Goma, mji ambao wenye bunduki wengi hawawindi wanyama, familia huweka noti ndani ya bahasha, huandika juu yake neno "bunduki", na shughuli inaendelea.

Baba yake alikataa bahasha.

Alikuwa mzee mrefu, mkimya, aliyehamia Keshero, hapa Goma, miaka mingi iliyopita vita vilipomtoa kwao. Ujanani alimbebea silaha Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa. Walikuwa wakitoka pamoja siku nyingi porini, Mzungu mbele na mikono mitupu, yeye nyuma na bunduki ya mitutu miwili yenye darubini juu yake. Siku moja nyati aliwarukia. Mzungu alipanda mti. Bunduki ilianguka na nyati akakanyaga kitako, kikapasuka kwenye shingo, pale mkono unaposhika. Mzee, ambaye wakati huo alikuwa kijana mdogo kuliko mimi, alikiunganisha usiku ule kambini kwa waya wa shaba, akauzungusha na kuukaza mpaka kitako kikashika. Mzungu alipouona alisema hatakipeleka kwa fundi yeyote, waya ukae. Mashamba yaliponyang'anywa Mzungu akaondoka, na bunduki ikapita mikono ambayo hakuna anayeijua yote.

Hadithi hiyo sikuisikia kwa mzee. Niliisikia kwa binti yake, aliyeisikia tangu utoto kama watoto wengine wanavyosikia hadithi za sungura.

"Papa hataki bunduki," aliniambia. "Anataka *ile* bunduki. Iko Birere, kwa mutu wa okazyo, ule anauzisha bitu bilishatumika. Bandugu balimwambia."

"Yeye mwenyewe ameiona?"

"Anapita mbele ya duka ile kila juma. Haingii. Mutu haendi kuangalia mali ya ndoa yenye batamuletea. Ni haya."

Nilifikiria jambo hilo siku nzima. Mzee anapita mbele ya duka, anajua kitu chake kiko ndani, na haingizi hata kichwa. Halafu nikafikiria kwamba labda si hiyo. Labda ndugu wameona bunduki nyingine yenye mitutu miwili. Labda mzee amekosea. Halafu nikafikiria kwamba hata kama ni hiyo, anataka kuifanyia nini? Mbuga imefungwa kwa wawindaji, na misitu aliyoijua ina watu ambao hawapendi kukutana na mgeni mwenye silaha. Kichwa changu ndivyo kilivyo. Kinaingia katika jambo kwa mlango mmoja na kutafuta milango mingine yote kabla ya kukaa.

Tulikwenda Birere, penye soko, watu watatu. Baba mkubwa, ndugu wa marehemu baba yangu, ambaye alikuwa msemaji wetu katika posa. Shangazi, anayeuza vitenge, ambaye hakuna mtu mpakani aliyewahi kumshinda katika bei. Na mimi, kwa sababu walisema mtu aliyesoma uchumi lazima ajue thamani ya vitu.

Mwenye duka alikuwa mtu mnene, mcheshi, aliyekaa katikati ya jenereta, friji na viti vya daktari wa meno. Karatasi za ruhusa ya bunduki alikuwa nazo, za zamani lakini za kweli, na baba mkubwa alijua mlango wa kugonga ili zibadilishwe jina. Hilo halikututisha. Alifungua sanduku la mbao, akatoa blanketi, na ndani yake bunduki ilikuwepo.

"Muzee," alimwambia baba mkubwa, "hii si kitu ya kuchezea batoto. Hii iliuwa tembo."

"Tembo gani? Ulikuwako?"

"Sikukuwako. Lakini angalia tu sura yake. Hii iko na sura ya kuuwa tembo."

Kitu cha kwanza nilichoangalia kilikuwa shingo ya kitako. Waya wa shaba ulikuwepo. Umezungushwa safu kwa safu, umelala vizuri kama uzi kwenye kigurudumu cha cherehani, na katikati umelainishwa na viganja mpaka umekuwa mwekundu wa kung'aa. Kando ulikuwa mweusi. Nilijua ni yenyewe, na nilijua pia kwamba nisionyeshe furaha yoyote usoni, maana shangazi alikuwa ameshanionya njiani.

Basi nikaanza kuipima. Nilisukuma kile kikono cha juu, bunduki ikakunjika katikati, nikawasha taa ya simu nikachungulia mitutu kutoka nyuma. Wa kulia ulikuwa safi, mifereji yake ya ndani inazunguka na kung'aa. Wa kushoto ulikuwa na vishimo kama ngozi ya mtu aliyepona tetekuwanga. Niliifunga, nikashika mitutu kwa mkono mmoja na kitako kwa mwingine, nikatikisa. Ilicheza kidogo sana. Namba zilizochongwa kwenye mitutu zilikuwa sawa na zile za kwenye mwili wake. Skrubu tatu zilikuwa zimechubuliwa na mtu aliyetumia bisibisi isiyofaa. Darubini ndiyo ilikuwa mgonjwa kabisa: ukungu umeingia ndani ya kioo na kusambaa kama utando wa buibui. Nililenga friji iliyokuwa mbali kidogo nikaiona kama inavyoonekana milima asubuhi ya mvua.

Nilisema yote hayo kwa sauti, moja baada ya jingine. Mtutu wa kushoto umeliwa. Bunduki inacheza. Skrubu zimeharibika. Darubini ni kipofu. Kitako kimepasuka na kufungwa kwa waya. Rangi ya chuma imeisha, imebaki kijivu. Huko nilikosoma, kila kasoro ina uzito wake, na mnunuzi huitaja ili bei ishuke. Mwenye duka alisikiliza akitabasamu. Shangazi naye alisikiliza, midomo yake ikicheza kama mtu anayekariri.

"Tuipige basi kidogo, tuone," baba mkubwa alisema.

Mwenye duka alicheka mpaka tumbo likatikisika. "Piga, muzee. Piga moja tu hapa Birere, utaona namna soko inafunga. Ata mama ya makayabo, ule wa samaki ya chumvi, atakimbia hadi Gisenyi, ngambo ya mupaka, na beseni kwa kichwa. Na masasi uko nayo?"

Hatukuwa nayo, wala yeye. Risasi za kipimo kile hazijaonekana mjini kwetu tangu kabla sijazaliwa. Kwa hiyo tulikuwa tunanunua kitu ambacho hakuna mmoja wetu angeweza kujua kama kinafanya kazi.

Alitoa simu yake akatuonyesha picha. "Angalia. Dada yake hii. Kule Ulaya baliiuza bei ya Land Cruiser."

"Dada yake aliolewa vizuri, papa," nikamjibu. "Huyu amebaki nyumbani, na macho yameisha."

Walicheka wote, hata yeye. Nakumbuka kicheko hicho kwa sababu ndicho cha mwisho ambacho bunduki ile ilituletea. Mimi mwenyewe nilikuwa na bei mbili kichwani. Ya kwanza ilikuwa ile ya kwenye simu, bei ya nyumba nzuri yenye bati jipya. Ya pili ilikuwa ya hapa, mahali pasipo na risasi wala msitu wa kuingia, ambapo bunduki ile ilikuwa sawa na mti na chuma. Kati ya bei hizo mbili hakukuwa na ngazi. Nilijaribu kutafuta ya katikati kwa hesabu za darasani na nikaona haya, kwa sababu thamani yake yote ilikuwa katika mtu mmoja tu mjini, na mtu huyo alikuwa na haya ya kuingia dukani. Shangazi alimaliza mjadala kwa njia yake. Alinyanyuka akaondoka, akaitwa, akarudi, akaondoka tena. Mwishoni tuliipata kwa bei ya pikipiki mbili za okazyo, na mwenye duka akatupa blanketi bure.

Nilifikiri kazi imekwisha.

Shangazi aliichukua kwake, kwa kuwa nyumba yake ina mlango wa chuma. Siku ya pili nilikwenda kuitazama. Nilitaka tu kuhakikisha kwamba namba nilizisoma vizuri. Nikamkuta ameiweka mezani, amekunja mikono, anaiangalia kama mama anavyoangalia mtoto aliyerudi shule na matope.

"Hii haiwezi kuenda vile," alisema.

"Vile namna gani, shangazi?"

"Ile waya. Ile kioo ya kipofu. Weye mwenyewe ulisema. Kwa mali hatupeleke okazyo, mutoto yangu. Sufuria inakuwa mupya, kitenge inakuwa mupya, ata blanketi ya nyanya yake inakuwa mupya na plastiki yake juu. Sasa bunduki ndiyo itakuwa na waya?"

Nilimweleza. Nilianza na mambo ya wanunuzi wa Ulaya, kwamba bunduki ya zamani ikisuguliwa na kupakwa rangi inapoteza thamani yote, kwamba wanataka kijivu kile kile cha mikono ya watu. Nikaona hiyo haimgusi, nikahamia kwa mzee. Nikamsimulia nyati, kambi, na mkono wa kijana ulioufunga waya ule. Nikamwambia, shangazi, huo waya ndio bunduki. Vilivyobaki ni chuma tu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Aliniuliza, "Na yeye muzee alikuambia hiyo maneno?"

"Aliniambia binti yake."

"Aa. Kumbe ni maneno ya pembeni." Alifunika bunduki kwa blanketi. "Mbele ya batu, bale baliomba bunduki. Hawakuomba waya. Tukipeleka waya, batasema nini? Batasema Banande, na maduka yao yote ya Butembo, balishindwa kununua kitu haifungwe na kamba. Weye utakuwa umekaa pale umenyamaza sawa bwana harusi. Miye ndiye nitasikia namna banacheka."

Nilikwenda kwa baba mkubwa. Alisema mambo ya kupamba mali ni ya wanawake, asiingizwe.

Nilimpigia simu mchumba wangu. Nilikuwa nimefikiria sana kama nimwambie au nisimwambie, na nikiwa bado sijaamua nikajikuta nimeshasema.

"Usimuambie papa," alisema. "Macho yake si ya zamani. Labda hataona."

Fundi aliyepewa kazi alikuwa anapaka rangi matangi ya pikipiki, karibu na njia panda. Nilimfikia nikiwa nimechelewa, ingawa hata ningewahi angenisikiliza kwa nini? Aliyemlipa alikuwa shangazi. Bunduki ilikuwa imening'inizwa kwa ndoano kwenye jua, inakauka. Ilikuwa nyeusi tititi na inang'aa. Mti wa kitako ulikuwa umejazwa lipu ya magari, ukasuguliwa, ukapakwa vanishi nyekundu kama kabati la sebuleni. Skrubu zilikuwa mpya. Darubini ile ya kipofu haikuwepo, na mahali pake palikuwa na nyingine nyepesi, ya plastiki, yenye taa ndogo ya buluu iliyowaka ukibonyeza.

"Unaona, gradué?" fundi alisema, akiniita kwa diploma yangu, ana furaha ya kweli. "Mama alinitajia yote kwa kichwa. Skrubu, kioo, waya, rangi. Nilimaliza moja moja. Ilibaki tu mututu ya kushoto, ile siwezi."

Yote aliyoyataja yalikuwa maneno yangu, kwa mpangilio ule ule nilivyoyasema Birere ili bei ishuke. Nilimwuliza waya uko wapi. Alinionyesha kwa kidole pikipiki ya mteja iliyoegeshwa ukutani. Waya wa shaba ulikuwa umefunga bomba la moshi lililokuwa limelegea, na motari, dereva wa pikipiki hiyo, alikuwa tayari ameshakaa juu yake, anawasha. Nilisimama pale nikitafuta maneno ya kumwomba mtu asiyenijua afungue bomba lake la moshi, na nilipoyapata alikuwa ameshaingia barabarani.

Siku ya mahari ilikuwa Jumamosi. Ua wao kule Keshero, wa mawe meusi yaliyosawazishwa, ulifunikwa kwa maturubai, na sisi tukakalishwa upande wa ukuta tukiangaliana nao. Bwana harusi hukaa kwenye kiti kifupi kuliko vyote na hasemi neno. Akiulizwa anaitikia kwa kichwa, na msemaji wake anasema kwa niaba yake. Baba wa msichana naye hasemi. Anaegemea, na msemaji wao ndiye anayeuliza, anayekataa, anayetania. Kwa hiyo watu wawili pekee waliokuwa wanajua ile bunduki ni nini walikuwa watu wawili wasioruhusiwa kusema.

Mbuzi walipita vizuri. Msemaji wao alidai mmoja ana macho ya mlevi, wetu akajibu kwamba huyo ni shemeji, anawakaribisha, na watu wakacheka. Vitenge vilipita. Kisha baba mkubwa akasimama, akaweka mikono nyuma, akatoa sauti yake ya kanisani.

"Baliomba kitu ya kuwinda. Wengine banaleta bahasha. Sisi si batu ya bahasha. Tumeleta bunduki mupya kabisa, ya Ulaya, na darubini yake. Mukinusa mutasikia ingali na harufu ya kiwanda!"

Vigelegele upande wetu. Shangazi alifunua kitambaa cheupe, akaibeba kwa mikono miwili kama mtoto wa kubatizwa, akamwekea mzee mapajani.

Mzee aliipokea. Hakuangalia darubini wala mitutu. Mkono wake wa kulia ulikwenda moja kwa moja kwenye shingo ya kitako na ukashika, na kidole gumba kikaanza kusugua mahali pale, huku na huku. Kilitafuta. Kilishuka kidogo, kikapanda, kikarudi. Halafu aliikunja katikati, akaisogeza karibu na macho, akasoma namba za ndani. Fundi hakuwa amezifikia hizo. Nilimwona akizisoma mara mbili. Akaifunga taratibu, bila kuigonga, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Msemaji wao alimwinamia akasikiliza, akanyanyuka. "Tunashukuru. Muzee anasema bunduki ni mupya kweli. Anauliza, ile aliyoomba iko wapi?"

"Ni hii hii!" baba mkubwa alisema.

"Ile ilikuwa ya zamani. Hii munasema ni mupya."

Nikaona baba mkubwa anakwama. Angesema ni ya zamani, basi ameleta okazyo mbele ya watu na kudanganya juu yake. Angesema ni mpya, basi si ile. Alitazama shangazi, shangazi akatazama mbuzi. Upande wao mtu mmoja akacheka kidogo, cheko lile lile ambalo shangazi aliliogopa.

Ndipo mzee aliposema mwenyewe. Kwao si kawaida.

"Nani aliipima hii kitu, kule balipoinunua?"

"Mutoto wetu huyu," baba mkubwa alisema haraka, akiona mlango. "Iko na diploma ya uchumi. Alijua kila kitu yake."

"Akuje hapa."

Nilisogea nikapiga magoti kwenye mawe. Aliniwekea bunduki mikononi. Ilikuwa bado inanuka vanishi. Kwa karibu, macho yake hayakuwa macho ya mtu asiyeona.

"Papa," aliniambia, kama wazee wanavyowaita vijana wanaowapenda. "Siku ulipoiona kule, ilifaa nini?"

"Sikuweza kupata bei yake, muzee. Ilikuwa kubwa kuliko tuliyotoa."

"Na leo?"

Najua muda ule ulikuwa mfupi, kwa sababu mbuzi mmoja alianza kulia na hakuwa amemaliza niliposema. Lakini nilipita milango yote. Nikisema ni nzuri, nitakuwa namdanganya mtu aliyesoma namba mara mbili, na atajua kwamba mume wa binti yake ni mwongo. Nikisema ukweli, nitakuwa nimevunja mahari yangu kwa mdomo wangu, mbele ya baba mkubwa na shangazi. Nilidhani ananijaribu. Nilidhani ananitafutia nafasi ya kuwa mtu wa kweli. Nilimtazama binti yake aliyekuwa amesimama mlangoni na dada zake, na uso wake haukuniambia kitu.

"Leo haifai kitu, muzee," nilisema.

Alitikisa kichwa polepole. "Asante. Weye ulisoma."

Akaegemea kiti chake, na hakusema tena siku ile. Msemaji wao aliomba kikao na wenzake nyuma ya nyumba, wakarudi. Mbuzi wamepokelewa, alisema. Vitenge vimepokelewa. Bunduki, mutoto wenu mwenyewe amesema haifai kitu, na ukoo hauwezi kupokea kitu kisichofaa. Kwa hiyo bunduki bado. Mukiipata, murudi, na siku hiyo tutazungumza ndoa.

Hakuna aliyeuliza ipatikane wapi. Tulirudi nyumbani kwa gari moja. Shangazi alikuwa ameishika bunduki mapajani katika kitambaa chake cheupe, na kabla ya kushuka aliniambia kitu kimoja tu: "Ulipoulizwa Birere ulijua kusema mingi."

Mchumba wangu nilionana naye baada ya juma, ufukoni. Nilikuja nimejiandaa kuambiwa kwamba nilifanya vizuri. Kwa kweli nilikuwa nimeshaandaa hata namna ya kukataa sifa.

"Juu ya nini ulisema vile?" aliniuliza.

"Baba yako aliniuliza ukweli."

"Papa alijua ukweli. Aliusoma na macho yake. Alitaka mutu mumoja tu amuambie ingali nzuri, aipokee, aitundike, basi. Ulikuwa muoga wa kuonekana muongo."

Nilimwambia hawezi kujua alichotaka baba yake. Alisema amekaa naye maisha yake yote. Nikamwambia yeye ndiye aliyesema mzee hataona. Alisema ndiyo, na ona, aliona, na bado aliuliza bei tu. Kama angetaka kukataa angekataa bila kuniita. Hoja yake ilikuwa nzuri. Bado ni nzuri. Kila nikiifikiria napata jibu lake, na kila jibu nalivunja mwenyewe kabla ya kulala.

Tulijaribu. Baba mkubwa alipeleka ujumbe kwamba tutoe bahasha. Walijibu kwamba bahasha walikataa tangu mwanzo. Tuliuliza kama bunduki nyingine ingefaa, ya mtutu mmoja. Hawakujibu. Simu za mchumba wangu zilianza kuwa fupi, kisha zikawa ujumbe, kisha salamu za sikukuu.

Aliolewa na mtu wa Kisangani. Nilipata habari kutoka kwa rafiki aliyehudhuria, ambaye hakujua nini cha kuniambia na nini aache, akaniambia yote. Mbuzi, vitenge, sukari. Na bunduki? nikamwuliza. Akasema, bunduki gani, waliweka bahasha. Mzee aliipokea? Aliipokea. Hata hakuifungua, aliitia tu mfukoni.

Sikulia. Nilikwenda kuzunguka mjini kwa miguu mpaka viatu vikajaa vumbi jeusi. Nilitaka kumchukia mzee, nikashindwa kujua nimchukie kwa lipi. Bunduki aliyoitaka haikuwepo tena duniani, kwa hiyo kwa nini asichukue bahasha? Niliichunguza fikra hiyo pande zote na haikuwa na kasoro.

Vita vilipofika na mji ukabadilisha mikono, ikatangazwa kwamba silaha zote zisalimishwe na nyumba zitapekuliwa. Shangazi alituletea bunduki mchana, ndani ya godoro lililoviringishwa, akasema ni mali yangu na nijue la kufanya. Kuipeleka kuisalimisha ilikuwa hatari, maana ungeulizwa nyingine umeficha wapi. Kubaki nayo ilikuwa hatari zaidi. Karatasi za ruhusa zilikuwa na mihuri ya ofisi ambazo hazikuwepo tena. Mama yangu, ambaye katika mambo haya yote hakuwa ameombwa neno, alikuwa ameshaondoa kifuniko cha choo cha zamani nyuma ya nyumba.

Niliitoa kwenye godoro. Darubini ya plastiki ilikuwa imeshang'oka. Vanishi ilikuwa imeanza kubabuka kwa joto la bati la shangazi, na kwenye shingo ya kitako kipande cha lipu kilikuwa kimenyanyuka. Nilikwangua kwa ukucha. Kilitoka chenyewe, kirahisi, kama ganda la kidonda kilichopona. Chini yake mti ulikuwa na mistari, mmoja kando ya mwingine, iliyozama, pale waya ulipouma kwa miaka yote ile. Ilikuwepo. Ilikuwepo siku ile kwenye mapaja yake, umbali wa unene wa ukucha, na kidole chake kilipita juu yake huku na huku.

Nilipitisha kidole gumba changu. Ilikuwa inakwaruza kidogo.

"Unaangalia nini tena?" mama alisema. "Tupa, mutoto. Banakuya."

Niliitupa.